Seva ya Printa: Ikae Branchi ama Hedikota? Soma Hii Kabla Mdosi Akuite Kujieleza

Ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi na laini ya watu kwa hiyo sacco ilikuwa imefika hadi kwa ngazi. Mimi nilikuwa na wiki tatu pale, kijana wa atachmenti, ule wa kutumwa chai na kubadilisha tona. Saa tatu kasoro hivi, printa zote nne zikanyamaza. Taa za kijani ziko. Karatasi ziko. Tona nimeweka mwenyewe Ijumaa. Lakini hakuna kitu inatoka. Keshia anabonyeza, anabonyeza tena, halafu anageuka kuniangalia mimi.

Kulikuwa na mathe mmoja ametoka Ahero na matatu ya asubuhi kuja hapo Kisumu kwa sababu ya loni ya school fees ya mtoi wake. Fomu yake ilikuwa imejazwa tayari kwa kompyuta, imebaki tu kuprintiwa asaini. Akaniuliza akionyesha printa iliyokuwa hatua mbili kutoka kwa keshia, "Kijana wangu, si hiyo mashini iko hapa tu?"

"Ndio mama, iko hapa."

Sikuwa na jibu ingine. Jibu lenyewe lilikuwa Nairobi. Seva iliyokuwa inasimamia printa zetu ilikuwa huko hedikota, na faiba ilikuwa imekatwa mahali njiani. Karatasi ya kutoka meza moja hadi ya pili hapo Kisumu ilikuwa lazima iende Nairobi kwanza, ishike foleni, ndio irudi. Laini ilirudi saa nane. Mathe alikuwa ameshaenda, na fomu yake ikatoka ikakaa kwa trei hadi jioni.

Kole nilikuja kuacha, lakini hiyo ni stori ya siku ingine. Swali la yule mathe ndio sikuacha. Na kama wewe ni msee wa IT, ama unasimamia saiba, ama ndio umeajiriwa na mdosi akakuambia "tengeneza hizo printa", hii maneno itakufikia tu siku moja.

Kwanza, seva ya printa ni nini?

Watu wengi wakiskia seva wanafikiria mashine kubwa kwa chumba baridi. Zii. Seva ya printa ni kitu yoyote inashika foleni. Ukibonyeza Print, faili yako haikimbii moja kwa moja kwa karatasi. Kwanza inageuzwa kuwa lugha ile printa inaelewa, na hiyo ni kazi ya draiva. Halafu inawekwa kwa foleni, inangoja zamu yake. Programu inayosimamia foleni inaitwa spula. Kwa Windows utaiona kwa jina la Print Spooler. Kwa Linux na Mac kazi hiyo hufanywa na CUPS, ambayo ilitoka 1999 na Apple wakaiingiza kwa Mac OS X 10.2 mwaka wa 2002.

Swali lote la leo ni moja: hiyo foleni inakaa wapi? Inaweza kaa kwa kompyuta yako. Inaweza kaa ndani ya printa yenyewe, kwa sababu printa nyingi za ofisi siku hizi ziko na kamemori na kebo yao ya mtandao. Inaweza kaa kwa mashine moja hapo kwa branchi, ile wote wanatumia. Ama inaweza kaa mbali, kwa seva moja ya hedikota inayohudumia branchi zote. Hizo mbili za mwisho ndio watu hupigania kwa mikutano.

Hii maneno ya kushare printa ililetwa na bei. Mwaka wa 1985 Apple walitoa LaserWriter, printa ya leza ya dola 6,995. Hakuna vile ungeweka moja kwa kila meza, kwa hivyo ilikuja na njia ya kuungwa kwa mtandao ndio ofisi nzima itumie moja. Miaka michache kabla ya hapo, pale MIT huko Marekani, kulikuwa na jamaa anaitwa Richard Stallman. Printa ya zamani ya maabara yao alikuwa ameiandikia kaprogramu: ikijam, inatumia ujumbe kila mtu ako na kazi kwa foleni, ndio mmoja ainuke akaitengeneze. Xerox wakawapea printa mpya ya leza, lakini programu yake ilikuja imefungwa, huwezi ibadilisha. Ikijam, unajua tu ukitembea kwenda kuicheki. Hiyo hasira ni moja ya vitu vilimsukuma kuanzisha GNU mwaka wa 1983. Ndio hivyo, Linux unayoringa nayo iko na undugu na karatasi iliyokwama.

Safari ya page moja

Hapa ndipo wengi huangushwa. Mtu anakuambia, "Hiyo PDF ni megabaiti tatu tu, si itaenda haraka?" PDF ni megabaiti tatu, sawa, lakini kile kinatumwa kwa printa mara nyingi sio PDF. Page moja ya A4 kwa nukta 600 kwa kila inchi iko na nukta kama milioni 35. Nyeusi na nyeupe tu, bila kubanwa, hiyo ni megabaiti nne na kitu. Ikiwa ya rangi, wino nne, baiti moja kwa kila wino, unafika karibu megabaiti 140. Kwa page moja! Draiva hubana hiyo mzigo, na kama ni maandishi tu inabanika vizuri sana. Lakini mtu akiscan title deed na picha za shamba kwa rangi, hapo ni ngori.

Cheki hesabu. Tuseme kazi imefika megabaiti 200 na laini ya branchi ni megabiti 10 kwa sekunde. Megabaiti 200 ni megabiti 1,600. Kwenda hedikota ni sekunde 160. Seva ikishapokea yote, kuirudisha kwa printa ni sekunde 160 zingine. Dakika tano na sekunde 20, na hiyo ni kama hakuna mtu mwingine anatumia laini, hakuna kamera za CCTV zinatuma video, hakuna keshia anafungua akaunti ya mteja. Na hizo dakika zote, mfumo wa akaunti nao unakokota kwa sababu wanashare laini moja. Kazi ileile kwa seva iliyo hapo ndani ya branchi, kwa mtandao wa zamani wa megabiti 100, inafika kwa sekunde 16.

Sasa ongeza faiba kukatwa na tingatinga ya watu wa barabara. Ongeza stima kupotea hedikota na jenereta ikatae. Kama foleni iko mbali, kila kitu kati yako na hiyo foleni ni lazima kiwe hai ndio upate karatasi moja. Kama foleni iko hapo branchi, unahitaji tu swichi na stima ya hapo.

Basi mbona watu bado wanapeleka hedikota?

Kwa sababu sio wajinga. Nilikuwa nimeanza kuchukia ile seva ya Nairobi hadi Injinia, yule supavaiza wangu, akanikalisha chini. Aliniambia kabla waihamishe, kila branchi ilikuwa na kompyuta yake imekaa kwa kona ikishika foleni. Branchi 12, mashine 12. Moja iko na draiva ya mwaka huu, ingine ya miaka saba iliyopita. Moja ilikuwa chini ya meza ya mlinzi, anaichomoa usiku achaji simu. Draiva ikihitaji kubadilishwa, yeye anapanda basi. Akimaliza Busia, Kitale imeharibika.

Ukiwa na seva moja, unabadilisha draiva mara moja. Unaona foleni zote kwa skrini moja. Unajua printa ya branchi gani imeishiwa tona kabla wapige simu. Na unajua nani ameprinti nini. Pale kwa hiyo sacco waligundua mtu alikuwa ameprinti programu za harusi ya binamu yake, kurasa zaidi ya mia sita, rangi, wikendi. Kwa mfumo wa mashine 12 kwa kona, hiyo doo ingeenda kimya kimya.

Halafu kuna siri za watu. Payslip ya mtu ikikaa kwa trei, ofisi nzima itajua anakula ngapi kabla ya lunch. Seva ya kati inarahisisha ule mfumo wa karatasi kungoja: kazi inashikwa kwa foleni hadi uende kwa printa, uweke PIN ama ugonge kadi, ndio inatoka ukiwa hapo. Na tangu Kenya ipitishe sheria ya kulinda data mwaka wa 2019, fomu ya loni ya mteja kulala kwa trei sio tu aibu. Ile fomu ya mathe wa Ahero, na namba yake ya kitambulisho na mshahara wa bwanake, ilikaa wazi masaa mengi, na wakati huo hakuna mtu aliona kama ni shida.

Lakini usisahau foleni yenyewe ni faili. Kwa Windows inakaa kwa folda ya System32\spool\PRINTERS, na mtu akiwasha ile chaguo ya kuhifadhi kazi zilizoprintiwa, hazifutwi. Seva moja yenye foleni ya branchi zote ni mahali pamoja pa kulinda. Pia ni mahali pamoja pa kuibiwa.

Mwaka spula ilichoma picha

Julai 2021 mbogi ya IT dunia nzima haikulala. Kulitokea shimo kwa Print Spooler ya Windows, likaitwa PrintNightmare. Mtu mwenye akaunti ya kawaida tu kwa mtandao wenu angeweza kuambia spula ya mashine ingine ikubali draiva feki, na hiyo draiva inaendesha na nguvu zote za mfumo. Yaani mtu wa mapokezi, ama haka aliyeiba paswadi yake, anakuwa bazu wa seva. Microsoft walitoa kiraka cha dharura kuanzia tarehe 6 Julai bila kungoja siku yao ya kawaida ya kila mwezi, na hata Windows 7, iliyokuwa imeshaachwa, ikapata. Ushauri mmoja wao ulikuwa mkavu: ile seva inasimamia akaunti na paswadi za kampuni nzima, zima spula hapo kabisa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Stuxnet, ile virusi ya kushambulia mitambo ya nyuklia ya Iran iliyogunduliwa 2010, moja ya njia zake za kuruka kutoka kompyuta hadi ingine ilikuwa shimo kwa spula hiyohiyo.

Somo la hapa kwa maneno yetu ya leo linakata pande zote. Seva moja ya hedikota unaiweka kiraka jioni moja. Mashine 12 za kwa kona, kuna moja utasahau, na hiyo ndio wataingilia. Lakini usiweke foleni ya printa na paswadi za kampuni kwa seva moja eti kuokoa doo ya mashine ya pili. Hiyo nimeona kwa macho yangu, na aliyeifanya alikuwa anajisifu.

Baada ya hiyo noma, Agosti 2021 Microsoft walibadilisha kitu ingine: mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuvuta draiva kutoka kwa seva bila ruhusa ya msimamizi. Kama uliamka siku moja wafanyakazi wote wanaitishwa paswadi ya msimamizi ndio waprinti, ni hiyo.

Klaudi je?

Klaudi ni hedikota ya mtu mwingine. Google walikuwa na huduma yao ya kuprinti kupitia klaudi tangu 2010, watu wakaizoea, na tarehe 31 Disemba 2020 wakaifunga. Microsoft nao wako na Universal Print tangu Machi 2021, na inafanya kazi fiti kama tayari unalipia huduma zao. Lakini jiulize foleni yako itakuwa nchi gani. Mei 12, 2024, kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatwa na intaneti ya Kenya ikakokota siku kadhaa. Mtu mwenye seva yake Nairobi na branchi Nakuru, kwa laini ya ndani ya nchi, aliendelea kuprinti. Mwenye foleni yake Johannesburg ama Ulaya alikuwa anaangalia kile kiduara kinazunguka.

Kile hakuna mtu aliniambia

Nilidhani lazima uchague moja. Kumbe kusimamia printa na kupitisha karatasi ni vitu viwili tofauti. Unaweza acha usimamizi hedikota na karatasi ipite hapohapo branchi.

Kwa Windows iko tangu Windows Server 2012 na Windows 8, inaitwa Branch Office Direct Printing. Seva ya hedikota inapea kompyuta ya branchi jina la printa, draiva na mipangilio, na kompyuta inaweka hizo kumbukumbu. Ukibonyeza Print, kazi inageuzwa hapo kwa kompyuta yako na kutumwa moja kwa moja kwa printa iliyo mbele yako. Haiendi Nairobi. Faiba ikikatwa, kompyuta inakumbuka printa iko wapi, karatasi inatoka. Unaiwasha kwa ile programu ya Print Management, unaclick printa na kitufe cha kulia, unachagua, basi. Inataka printa iwe ya mtandao, sio ile imechomekwa na USB nyuma ya kompyuta ya mtu. Na ule mfumo wa karatasi kungoja PIN ukiwa kwa seva ya hedikota, hapo itabidi uchague, kwa sababu kazi haipiti tena kwa seva.

Hiyo chaguo ilikuwa kwa seva yetu siku ile. Ilikuwa imezimwa. Hakuna mtu alikuwa ameizima kwa ubaya, huwa inakuja imezimwa.

Kama huna Windows Server, weka kakompyuta kadogo kama Raspberry Pi kwa kila branchi, upige CUPS hapo, halafu uzisimamie zote ukiwa kwako kupitia mtandao. Tatizo ni printa zingine za bei ya chini: draiva zake ziliandikwa kwa prosesa za Intel na AMD peke yake, na Pi haina hiyo prosesa. Cheki hiyo kabla ununue, sio baada. Printa inayoelewa IPP ama AirPrint, na nyingi za miaka ya karibuni zinaelewa, haitaki draiva maalum.

Na kama ni saiba ya kompyuta sita hapo mtaani, unalipisha ashu kwa page, usidanganywe na mtu akuuzie seva. Unga printa kwa raota, kila kompyuta itume moja kwa moja. Ukitaka kompyuta yako ya kaunta ishike foleni ndio uhesabu page za wateja, Windows ya kawaida itakubali hadi vifaa 20 kwa wakati mmoja, na hiyo inakutosha. Kitu moja tu usisahau: ingia kwa raota uipe printa anwani isiyobadilika. Stima ikipotea ikirudi, raota hugawa anwani upya, printa inapata namba ingine, na kompyuta zote zinaendelea kutuma kwa namba ya zamani. Wasee wengi wamenunua printa mpya kwa sababu ya hiyo.

Foleni ikikwama na kazi moja inakataa kufutika, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop spooler, futa vilivyo ndani ya ile folda ya PRINTERS, halafu net start spooler. Kazi zote za kungoja zitapotea, kwa hivyo tangaza kwanza.

Seva na raota ziweke kwa UPS. Printa ya leza usiweke hapo. Ikipasha moto ile rola yake inavuta umeme mwingi kwa mpigo, na UPS ndogo itazima ikiangusha seva nayo.

Ukimaliza kupanga yote, fanya hivi. Chomoa kebo ya raota inayotoka nje, kaa kwa kompyuta ya keshia, uprinti fomu moja. Ikitoka, rudisha kebo. Isipotoka, unajua kazi yako ya wiki ijayo. Fanya hiyo Jumamosi jioni wateja wakiwa wameenda.